Bustani ya nyuma ya nyumba, bila kugusa feza ya AVEC

Mkutano wa juma lililopita ulipokuwa unafungwa, mama mmoja wa kikundi chetu alisimama akauliza mbele ya wote kama ni kweli kwamba seleri na puaro tunazouzisha mlangoni zinalimwa na baba watoto, si na sisi. Tulijibu ndiyo. Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Masikini, shida imemfikisha huko." Lakini mama wawili walitungojea nje, wakaomba tuwaeleze namna alivyofanya bila kutoa feza. Mvua ilikuwa inakuja na maneno hayakuisha pale njiani, basi tukaahidi kuandika hapa. Tutasema yote, na mabaya pamoja.

Tunakaa Bagira, katika moja ya zile nyumba ndogo za matofali zilizojengwa wakati wa Wabelgiji. Mlango wa mbele karibu ukanyage njia, na nyuma kuna kipande cha udongo kinachoteremka kuelekea jikoni kwa jirani wa chini. Chetu kina upana wa mita 9 na urefu wa mita 14. Kwa miaka minane tulipaita "kule nyuma" na hakuna aliyependa kwenda huko. Tulikuta mgomba mmoja wa zamani wenye machipukizi yaliyosongamana, mwavokado usiozaa, na shimo la takataka. Sisi tukaongeza yetu. Baba watoto alikuwa dereva, na kila kilichovunjika katika gari alikileta nyumbani akisema kitafaa siku moja: matairi, bamba za chuma, mlango wa Land Cruiser, betri iliyokufa. Majani yakaota juu ya hivyo vyote. Watoto walipoona nyoka mdogo pale tuliwakataza kabisa kupita.

Mwezi wa 6 wa mwaka 2022 mradi aliokuwa anauendeshea gari ulifungwa. Walimpa barua na mshahara wa mwisho. Mama wengi wanaosoma hapa wanajua miezi inayofuata inavyokuwa. Mwanaume anaamka, ananawa, anavaa vizuri, anakwenda "kuona watu", anarudi saa sita, hasemi kitu. Sisi tulikuwa na mshahara wa ualimu wa sekondari na yale malipo kidogo ya wazazi, ambayo mwezi wa 7 na wa 8 hayapo kwani watoto wako likizo. Kwa mboga peke yake, yaani lengalenga, sombe, vitunguu na nyanya, tulikuwa tunaacha sokoni franga 2.000 mpaka 2.500 kila siku. Hapo hatujataja sambaza.

Mwezi wa 8 AVEC yetu iligawanya. Tulipata dolari 310. Na hapa ndipo ugomvi ulipoanza, kwani sisi tulikuwa na mpango wetu tangu zamani. Tulitaka kusafisha kule nyuma, kusimamisha chumba kimoja cha mbao na manjanja, na kukipangisha dolari 20 kwa mwezi. Fundi alikuwa amekwisha kupima. Alisema dolari 310 zitatosha kama tutatafuta mlango wenyewe.

Baba watoto alikataa. Alisema chumba kile kitaziba maji ya mvua na kuyasukuma kwenye msingi wa nyumba yetu, na kwamba mpangaji atatumia choo chetu na njia yetu, na sisi tuna binti wa miaka 15. Tulimjibu maneno ambayo leo hatuyarudii. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alisema: "Mama watoto, nipe msimu mmoja wa mvua. Kuanzia sasa mpaka mwisho wa mwezi wa 5. Nitapafanya bustani. Nikishindwa, jenga."

Tulikubali, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, hata franga moja ya AVEC haitaingia katika udongo ule. La pili, kila kitu kitaandikwa katika daftari: kilichotoka, kilichoingia, na kila fungu la mboga tulilokula kwa bei ya soko ya siku ile. Binti yetu mkubwa ndiye ataandika. Tuseme ukweli, masharti hayo tuliyaweka ili ashindwe.

Alianza na vyuma vyake. Kwa siku nne alichimbua matairi, mlango na bamba, akamwita kijana anayenunua vyuma vya zamani. Kwa vyote alipata franga 22.000. Tulishangaa kuona alivyoviacha bila neno, kwani tulikuwa tumemwomba miaka mingi. Alibakiza matairi matatu na pipa moja lililotoboka chini. Kisha akafukua shimo la takataka. Hapa tuliingilia kama walimu: mawe ya tochi, vioo, mifuko ya plastiki na ile betri vilitolewa kwanza, pamoja na udongo uliokuwa chini yake, na pale betri ilipolala tulikataza kupanda chochote cha kuliwa. Mpaka leo pameota maua tu. Vilevile tulikataza mboga za majani karibu na choo. Alinung'unika kwamba tunampunguzia shamba, lakini alitii.

Udongo wa Bagira mnaujua: mwekundu, wa kunata mvua ikinyesha, na jua likiwaka unakuwa kama tofali. Alilima kwa jembe la kuazima, akapanda lengalenga juu ya mteremko wote katika juma la pili la mwezi wa 9, akakaa kungoja.

Mvua kubwa ilikuja usiku wa siku ya tano. Asubuhi hapakuwa na lengalenga wala mbegu wala udongo uliolimwa. Vyote vilikuwa vimeshuka kwa jirani wa chini, vikaingia jikoni kwake mpaka kwenye mafiga. Mama yule alipanda kwetu na sufuria mkononi, imejaa matope. Hakupiga kelele. Aliiweka mbele ya mlango wetu na kusema, "Mwalimu, unga wangu ulikuwa humu." Ilikuwa haya kubwa. Tulimpa unga wa kilo tatu kutoka kwenye wetu, na binti akauandika katika daftari kama hasara ya bustani. Baba watoto alishuka kwake akasafisha jiko lile mwenyewe, mbele ya avenyu yote.

Siku ile tulidhani mambo yamekwisha. Tulimwita fundi wa mbao kwa simu.

Aliyebadilisha mambo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kabare siku ya Jumapili kuona wajukuu, akaenda nyuma, akasimama pale akiwa na mikono kiunoni. Alimwuliza mwana wake kama alikulia katika mlima au katika meza. Kisha akamwomba vijiti vitatu, kamba na jiwe. Akafunga vijiti viwili virefu vikutane juu, cha tatu kikapita katikati, kama herufi A kubwa. Jiwe likaning'inia kwa kamba kutoka juu. Kila mguu wa kifaa ukiwa kwenye usawa mmoja na mwenzake, kamba inapita katikati ya kile kijiti cha kulala. Ukitembeza kifaa hicho kutoka upande mmoja wa parseli mpaka mwingine, na kupiga kijiti chini kila unapopata usawa, unapata mstari usiopanda wala kushuka. Katika mstari huo unachimba mfereji. Maji yakija hayakimbii, yanalala humo na kunywewa na udongo taratibu.

Sisi tulisoma taasisi ya ualimu, tumefundisha pembetatu miaka kumi na moja, na hatukuwahi kufikiri kwamba inaweza kuzuia matope.

Walichora mistari minne. Baba watoto alichimba mifereji minne yenye kina cha karibu mkono mpaka kiwiko, udongo akautupa upande wa juu na kuugandamiza. Kando ya kila mfereji alipanda matete aliyopewa bure Kabare, yenye mizizi mingi ya kushika udongo. Sasa mteremko ukawa kama ngazi tano. Mvua nyingine kubwa iliponyesha, alitoka usiku na tochi akaenda kusimama mpaka wa chini. Maji yaliyofika kwa jirani yalikuwa machache na hayakuwa na matope. Asubuhi yake yule mama alipita akatusalimu, na alipofika njiani akageuka akauliza kama matete yale yanaweza kupatikana na kwake pia. Tulimpa.

Mama mkwe alimwonyesha na jambo la pili, ambalo mama yeyote wa Bukavu anaweza kulifanya kesho. Kuna yale majani yenye maua ya manjano kama alizeti ndogo, yanayoota kila mahali kandokando ya barabara na kwenye uzio. Wengi wetu tunayaona kama uchafu tu. Majani yake yana chakula kingi cha udongo na yanaoza upesi. Kila jioni watoto walipotoka masomo walileta fungu moja moja. Baba watoto aliyakatakata, mengine akayafukia katika tuta majuma mawili kabla ya kupanda, mengine akayaweka katika rundo la mbolea. Rundo lenyewe alilitengeneza hivi: vijiti chini ili hewa ipite, kisha majani makavu ya mgomba, kisha maganda ya jikoni na yale majani mabichi, kisha udongo kidogo na majivu ya makala, na kuanza tena, mpaka likafika kiunoni. Juu alifunika kwa majani ya mgomba. Katikati alichomeka fimbo ndefu. Kila baada ya siku chache anaichomoa na kuishika: ikiwa ya moto, rundo linafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, anamwaga maji ya kuoshea mchele. Alilipindua mara mbili. Baada ya miezi mitatu lilikuwa jeusi na lilikuwa na harufu ya pori baada ya mvua.

Kabla ya hapo alikuwa na haraka, na haraka ilimwadhibu. Alinunua magunia ya mavi ya kuku kwa mfugaji wa jirani, franga 3.000 kila moja, akayaweka mabichi kwenye miche ya shu. Kwa siku sita miche yote ikaungua, kama mtu aliyepita na moto. Mavi ya kuku ni makali. Sharti yalale na majani makavu kwanza, majuma mengi. Yaliyobaki yakaingia katika rundo.

Mgomba nao ulikuwa mgonjwa. Majani yalikuwa yanageuka manjano na kunyauka, na ndizi ziliiva kabla ya wakati, ndani zikiwa na rangi ya kutu. Ni ule mnyauko uliovamia migomba ya Kivu tangu ulipoonekana Masisi mwaka 2001. Zamani watu waliambiwa kung'oa migomba yote. Siku hizi katika mashamba ya Kivu inafundishwa kukata lile shina linaloonyesha ugonjwa peke yake, mpaka usawa wa udongo, kila linapoonekana, na kuacha mengine. Panga linapitishwa kwenye moto kila baada ya kukata, la sivyo unabeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Na lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu linavunjwa mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, ili wadudu wasilete ugonjwa kupitia pale. Alikata mashina matano mwezi wa 10 na manne kabla ya Noeli. Mwezi wa 3 alikata moja. Mwezi wa 5 tulikula mkungu wa kwanza ulio safi.

Kuhusu vilivyootesha na vilivyokataa tutasema haraka. Lengalenga ni rafiki wa mwenye haraka: majuma matatu au manne unakata, na ukiacha shina fupi linachipua tena. Matembele hayahitaji kununua mbegu; unaomba vikonyo kwa jirani, unafukia, na unasahau. Sombe tulipanda miti kumi na miwili kando ya uzio. Seleri na puaro zinachelewa sana, lakini ndizo zilizoleta feza, kwa sababu zinachukua nafasi ndogo na wapikaji wanazitaka kila siku. Maharagi ya kupanda juu alisimamishia vijiti vya yale majani ya maua ya manjano. Karoti zilitoka na miguu mitatu, kwani udongo wetu ni mzito. Nyanya zilikufa zote kwa ule ugonjwa wa mvua unaotia majani madoa meusi. Alipanda mara mbili, na mara mbili zikafa. Tunaendelea kununua nyanya sokoni na hatuoni aibu.

Maji tulipata kwa manjanja ya nyumba. Pipa lililotoboka lilizibwa, likawekwa chini ya kona ambapo maji ya paa yanakusanyika. Kwa kumwagilia alitoboa chini ya kopo la maziwa kwa msumari. Jambo moja tulisimama imara: binti zetu hawatachota maji ya bustani. Wanachota ya nyumba, inatosha. Bidoni ya lita 20 shingoni mwa msichana ni saa nzima ya masomo inayopotea. Kama baba anataka seleri, abebe mwenyewe. Alibeba. Mara ya kwanza alipita barabarani na bidoni begani, wanaume waliokaa mbele ya duka walimpigia mluzi. Kulikuwa na maneno kwamba tumempa dawa. Mama mmoja tunayeheshimiana alituuliza kwa sauti ya chini ni dawa gani, kwani wake yeye hata kikombe hainui.

Sasa tunafika mwezi wa 2, jambo tulilofikiri sana kama tuliandike. Binti alikuwa anasoma daftari akakuta franga 18.000 za seleri zimeandikwa kwamba zimeingia, lakini katika kopo hazipo. Tulimwuliza baba watoto. Alisema atatueleza. Hakueleza. Siku tatu tulikaa katika nyumba moja bila kuongea, na kila mmoja aliyewahi kuona feza ya nyumba ikiyeyuka anajua tulichofikiria: pombe, au mwanamke. Siku ya nne tulisikia sauti ndogo nyuma ya choo. Alikuwa amejenga kibanda cha mbao za zamani, na ndani yake kulikuwa simbiliki watatu, dume na majike wawili. Alitaka kutushangaza. Matete ya kwenye mifereji yalikuwa yanakua kuliko kiasi na aliona ni hasara kuyatupa. Simbiliki wangeyala, na mavi yao yangeingia katika rundo.

Wazo lilikuwa zuri. Leo wako kumi na tisa, na watoto wanakula nyama mara kwa mara. Lakini siku ile hatukufurahi na tulimwambia sababu. Si wanyama waliotuuma, ni siri. Mwanamke analima maisha yake yote, mboga zinaliwa na hakuna anayeuliza. Mwanaume akilima msimu mmoja, feza inakuwa yake ya kuamua peke yake? Alisema hakufikiri hivyo. Tulimwambia ndiyo maana tunamfikirisha.

Tulichukua mfano wa kikundi chetu. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, si kwa sababu sisi ni wezi. Kopo letu la bustani lilipata kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao yeye, mwingine tunao sisi, na daftari anashika binti. Kununua kitu kinachozidi franga 5.000 kunahitaji wote wawili. Mwanzoni aliita mambo hayo "utawala". Siku hizi yeye ndiye anayekumbusha.

Tarehe 31 ya mwezi wa 5 mwaka 2023, baada ya chakula cha jioni, tulikaa mezani na taa. Binti alisoma. Mboga tulizokula, kwa bei ya soko: franga 236.000. Zilizouzwa: franga 118.500. Jumla 354.500. Zilizotoka: mbegu 9.000, mpini na kunoa jembe 3.000, waya na misumari 4.500, magunia matano ya mavi ya kuku 15.000, jumla 31.500. Vyuma vya zamani vililipa 22.000 kati ya hizo, na zile 9.500 zilizobaki zilitoka kwenye seleri. Ile kilo tatu za unga wa jirani binti alitaka kuziingiza; tulimwambia hiyo ni deni ya heshima, aiache pembeni. Simbiliki tuliwaacha nao, kwani walikuwa bado wanazaana.

Kilichobaki, franga 323.000. Kwa kiasi ambacho wabadilishaji walikuwa wanatoa, yaani 2.300 kwa dolari moja, ni karibu dolari 140. Tulichukua kalamu tukahesabu chumba chetu. Kama kingekwisha mwezi wa 10 na mpangaji akaingia mwezi wa 11, mpaka mwezi wa 5 ni miezi saba, dolari 20 kila mwezi: 140. Ilikuwa sawasawa. Ila kwa chumba tungekuwa tumekwisha kutoa 310, na kwa bustani dolari hizo zilikuwa bado zipo.

Baba watoto hakusema kitu. Aliomba chai.

Tusiwadanganye, hesabu ile ina tundu. Kazi yake haimo. Alifanya kazi asubuhi na jioni kwa miezi tisa, na kama tungemlipa kibarua feza yote ingekwisha. Alipotuambia hivyo yeye mwenyewe, tulicheka, kwani ndiyo hesabu ambayo wanawake wamekuwa wakiifanya tangu zamani. Na hatusemi kila parseli ilimwe. Mama mwenye mahali tambarare, penye njia yake pekee na choo cha mpangaji, chumba kinaweza kumfaa zaidi, na sisi bado tunakitaka chetu siku moja. Lakini si pale.

Kati ya zile dolari 310, tulitumia 120 kwa minervali ya watoto watatu mwezi huu wa 9, na 190 zimerudi AVEC kununua akiba za mzunguko mpya.

Kiangazi kilituonyesha mipaka. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 lengalenga ilikauka, pipa likawa tupu, na tulibaki na sombe, ndizi, na matembele ya mfereji wa chini kabisa ambao huwa unashika unyevu. Alimwagia maji ya kufulia yale ya mwisho, yasiyo na sabuni nyingi. Katika muda huo alipata kazi ya kuendesha gari siku tatu kwa juma. Tulishukuru Mungu, na papo hapo tukaogopa, kwani tulijua bustani itaangukia mikono ya nani. Tuliongea kabla hajaanza. Analima saa kumi na moja na nusu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sisi tuna siku ya Jumamosi, pamoja na watoto wa kiume. Mpaka sasa ameshika neno. Asubuhi ya leo tumesikia jembe kabla ya jogoo wa jirani.

Mama wale wawili, na wengine wenye nia, waje Jumamosi saa tisa mchana. Mleteni kisu na mfuko wa kubebea vikonyo vya matembele na vipande vya matete, vipo vya kutosha watu kumi. Kifaa cha vijiti vitatu kiko kwetu, mtu anaweza kukiazima mpaka Jumapili jioni. Msipite kwa njia ya chini: amechimba mfereji mpya juzi, na jirani amekwisha kupanda lengalenga upande wake.